Njia ya Momella, Mlima Meru: lipia siku nne, si tatu

Kuna njia moja tu inayoruhusiwa ya kufika kilele cha Mlima Meru, nayo inaanzia lango la Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kwa mtu mwenye siku nne na miguu iliyozoea kutembea, hatujaona njia nyingine kaskazini mwa Tanzania inayotoa mengi kiasi hiki kwa muda mfupi namna hii. Unaanza kwenye uwanda wa nyasi wenye twiga na nyati, unaingia msitu wa mbega, unalala karibu na mdomo wa kreta, kisha usiku wa kuamkia siku ya tatu unapanda juu ya ukingo wa volkano hadi mita 4,562. Jua linachomoza nyuma ya Kilimanjaro, na wewe uko juu ya mawingu. Kasoro yake kubwa imo kwenye ratiba. Safari nyingi zinauzwa kama za siku tatu, na ratiba hiyo ndiyo inayoumiza magoti ya watu, inayowakosesha kilele na kuwafanya washuke wakiamini kwamba Meru ni mlima katili.

Kabla ya kuingia kwenye njia yenyewe, ni vizuri kujua umbo la mlima, maana karibu kila kizuri na kibaya cha safari kinatokana nalo. Meru ilikuwa koni ndefu na kamili. Chini ya miaka elfu kumi iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na mawe na tope vikasambaa hadi tambarare iliyo kati yake na Kilimanjaro. Vilima vidogo vidogo unavyoviona karibu na Momella, pamoja na mabonde yaliyoshika maji na kuwa maziwa ya Momella, ni mabaki ya poromoko hilo. Kilichobaki ni mlima wenye umbo la herufi U iliyofunguka mashariki. Ndani yake, chini ya kilele, kuna ukuta wa mwamba wa takribani mita 1,500, na katikati ya kreta imekua koni mpya ya majivu yenye kimo cha mita 3,667. Mara ya mwisho mlima ulitoa majivu kidogo mwaka 1910. Njia inapanda mkono wa kaskazini wa U hiyo na kuuzunguka hadi kileleni. Upande mmoja una ukuta, upande wa pili una mteremko wa majivu na changarawe isiyoshikana. Hakuna pa tatu pa kukanyaga.

Kufika ni rahisi. Kutoka Arusha unashika barabara ya Moshi mpaka Usa River, unakunja kushoto kuelekea hifadhini, unapita lango la Ngongongare na uwanda wa Serengeti Ndogo, kisha unaendelea hadi Momella. Jitahidi uwe Momella kabla ya saa nne asubuhi. Kuandikisha majina, kupima mizigo, kugawa wapagazi na kusubiri askari hula muda, na kundi linaloondoka saa saba mchana hujikuta likiharakisha siku ambayo haikupaswa kuwa ya haraka hata kidogo.

Malipo yamegawanyika: kiingilio cha hifadhi, ada ya kulala vibandani, ada ya askari na ada ya uokoaji, zote zikiwa za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa viwango vyao kwa shilingi, wageni viwango vyao kwa dola, hivyo beba kitambulisho cha taifa au pasipoti hata kama nyumbani kwako ni Tengeru. Usitegemee noti mfukoni langoni, malipo ni ya kielektroniki. Ukinunua safari kwa wakala, mwombe akuandikie kila ada kwenye mstari wake, na chini yake mishahara ya mwongozaji, mpishi na wapagazi. Bei inayotolewa kama fungu moja ndiyo inayoficha siku iliyokatwa, mpagazi aliyepunguzwa au chakula cha kubana.

Askari mwenye bunduki ni lazima, hata ukiwa peke yako, hata ukiwa umepanda mara nyingi. Yupo kwa ajili ya nyati na tembo, na kazi yake anaijua. Lakini yeye si mwongozaji wako. Hana wajibu wa kukupima kichwa kinavyouma, kukuchukulia maji wala kukuamsha usiku. Wanaokuja na askari peke yake ili kupunguza gharama hugundua tofauti hiyo wakiwa mita 4,000, gizani. Chukua mwongozaji anayeujua Meru wenyewe. Aliyezoea Kilimanjaro tu anaweza kuwa hodari sana na bado asijue ni wapi hasa kwenye ukingo njia inashuka kabla ya kupanda tena.

Swali moja la kuuliza hapo hapo langoni, kabla hamjaanza: kundi letu lina askari wangapi, na nani atashuka na mtu akiugua? Askari mmoja hupewa kundi, na mara nyingi wageni wa mawakala mbalimbali huunganishwa chini yake. Siku ya kwanza hilo halina shida. Usiku wa kilele lina shida, kwa sababu mwendo unakuwa wa aliye mzito kuliko wote, na wenye mwendo mwepesi wanaganda kwa baridi wakimsubiri. Kundi lenye mwongozaji mkuu na msaidizi wake linaweza kumrudisha mgonjwa bila kuvunja safari ya wengine. Kundi lenye mwongozaji mmoja haliwezi.

Siku ya kwanza kuna njia mbili za kwenda vibanda vya Miriakamba, kwenye mita 2,514. Moja ni fupi. Inavuka mto Ngare Nanyuki, inakata uwanda wa nyasi na kupanda moja kwa moja, na huchukua saa tatu hadi nne. Ya pili ni ndefu, saa tano hadi sita. Inafuata barabara ya zamani ya magari, inapita karibu na maporomoko ya Tululusia, chini ya mtini maarufu uliojikunja na kuwa tao kubwa juu ya njia, halafu inaingia msitu mnene wenye mitarakwa na mipodo kabla ya kufika upande wa kreta na kugeukia Miriakamba. Mtini huo ulianza kama mmea wa kunyonga miti mingine. Miti iliyoubeba ilikufa na kuoza, mizizi yake ikabaki imesimama huku na huku, na nafasi iliyo chini yake inampitisha tembo.

Ushauri wetu ni kupanda kwa njia ndefu na kushuka kwa fupi. Waongozaji wengi watapendekeza fupi kwenda na kurudi, na usiposema kitu ndiyo utakayopelekwa. Sema mapema, tena siku ya kulipia safari, kwa sababu mpangilio wa askari na wapagazi hufuata njia mliyochagua. Faida ya njia ndefu haiishii kwenye mandhari. Inapanda taratibu, mwili unapata saa za ziada za kuzoea mwinuko, na mapafu yanaingia siku ya pili yakiwa yametayarishwa. Njia fupi ina wanyama wengi zaidi wa uwandani, na hao utawaona siku ya mwisho mkiwa mnashuka.

Kuhusu wanyama, kanuni ni chache na askari atazisema, ila watu huzisahau mara wanapotoa simu kupiga picha. Tembeeni kwa mstari mmoja, bila kuachana. Mkikutana na nyati karibu, simameni, rudini nyuma ya askari, msikimbie. Nyati aliye peke yake, dume mzee aliyelala kwenye majani marefu, ni wa kuogopwa kuliko kundi la mia lililo wazi mbele yenu. Msituni tafuteni juu: mbega wenye mikia mirefu myeupe, kima, hondohondo. Pongo hujitokeza kandokando ya njia asubuhi. Simba hawamo katika hifadhi hii. Chui yumo, lakini kumwona ni bahati ya mtende.

Miriakamba ni kambi nzuri. Vibanda ni vya mbao, vyumba vina vitanda vya juu na chini kwa watu wanne, magodoro yapo, jiko liko kando, na ukitoka nje asubuhi kukiwa hakuna ukungu unaiona Kilimanjaro kutoka mabegani hadi theluji. Kuta ni nyembamba na sauti zinapita, kwa hiyo vizibo vya masikio si anasa. Ukifika mapema, tembea kidogo na askari kuelekea sakafu ya kreta. Ni hapo tu, ukiitazama koni ya majivu kutoka chini na ukuta ukiwa umeinuka juu yake, ndipo ukubwa wa lile poromoko unapoingia akilini.

Siku ya pili ni fupi kwa kilomita na nzito kwa mapaja. Unapanda zaidi ya mita 1,000 hadi vibanda vya Saddle, mita 3,570, kwa saa tatu hadi tano, na sehemu kubwa ni ngazi za magogo zilizopigiliwa kwenye udongo. Ngazi hizi ndizo malalamiko ya kila mtu, na yana msingi. Mvua huchota udongo wa nyuma ya gogo, gogo linabaki limejitokeza, na hatua iliyokuwa ya kawaida inakuwa ya kuinua goti hadi kiunoni. Mahali pengine watu wamechonga njia ya pembeni ili kuzikwepa, na njia hiyo ya pembeni ndiyo inayozidi kuliwa na maji. Panda ngazi zenyewe, hatua fupi, ukitumia fimbo mbili kugawana uzito na mikono. Ukishindwa kuongea sentensi nzima bila kuhema, unakwenda mbio.

Katikati utapita Topela Mbogo, kisha Mgongo wa Tembo, ambapo msitu unafunguka na kreta yote inaonekana upande mmoja. Hapo ndipo pa kula chakula cha mchana. Kunguru wa shingo nyeupe wanalijua hilo pia na hawana haya, usiache mfuko wazi. Kuanzia hapo miti inapungua kimo, inavaa likeni ndefu za kijivu, kisha inaachia vichaka vya erika. Kinyesi cha tembo utakikuta juu kuliko utakavyotarajia, kwa hiyo msimwache askari nyuma kwa sababu tu msitu umeisha.

Ukifika Saddle, kunywa chai, kula kitu, pumzika saa moja, halafu panda Meru Ndogo. Ni kilele cha mita 3,820, kama saa moja kutoka kambini, na ni sehemu ambayo waliochoka huiruka. Wasiiruke. Mwili unazoea mwinuko vizuri zaidi ukipanda juu ya mahali utakapolala kisha ukashuka, na mita hizi 250 za jioni zinalipa saa nane usiku. Tena, mwanga wa alasiri ukiwa mzuri, kutoka Meru Ndogo utauona ukingo mzima wa usiku ujao, kuanzia mwanzo wake hadi kileleni. Utazame vizuri na umwombe mwongozaji akuonyeshe kila kituo, kwa sababu usiku hutaona chochote zaidi ya visigino vya aliye mbele yako.

Maji yanahitaji maelezo yake. Miriakamba yapo. Saddle usiyategemee wakati wa kiangazi. Mara nyingi hubebwa na wapagazi kutoka chini, na hiyo ni sababu nyingine ya kutopunguza idadi yao. Maji ya mlima huu pia yana floridi, kwa kuwa yanachujwa na miamba ya volkano yenye chumvi chumvi nyingi za aina hiyo. Wakazi wa Ngare Nanyuki na vijiji vya jirani wanajua madhara yake kwenye meno na mifupa baada ya miaka ya kuyanywa. Kwa siku nne hayatakudhuru. Vijidudu ndivyo vya kuangalia, kwa hiyo chemsha au weka dawa ya kusafisha maji. Kuchemsha hakuondoi floridi, lakini kunaondoa kile kinachoweza kukuharisha ukiwa mita 3,500, na hicho ndicho kinachovunja safari.

Sasa usiku wa kilele. Mtaamshwa kati ya saa sita na saa saba, mtakunywa chai na uji au biskuti, na kuondoka kati ya saa saba na saa nane usiku. Hatua za kwanza ni kupanda kupitia vichaka hadi Rhino Point, kama saa moja, kwenye mwinuko wa mita 3,800 hivi. Hapo unaanza ukingo. Mara baada ya Rhino Point njia inashuka, inavuka mwamba uliolala kwa mshazari ambapo kuna mnyororo wa kushika, kisha inaanza kupanda na kushuka juu ya mgongo mwembamba. Hii ndiyo sehemu inayotenganisha Meru na njia za kawaida za Kilimanjaro. Huhitaji kamba wala ujuzi wa kupanda miamba, lakini unahitaji mikono miwili huru. Fimbo zifungwe kwenye begi kabla ya mwamba wenye mnyororo, zisining'inie mkononi.

Tatizo la mwamba huu ni majivu. Mwamba mkavu na safi unashika buti vizuri, ila juu yake kuna punje za majivu na changarawe, na punje hizo zinaviringika chini ya soli. Weka unyayo wote, usikanyage kwa ncha ya kiatu, na usiegemee mawe yaliyosimama peke yake bila kuyajaribu kwanza. Baada ya mvua, alfajiri, mwamba huu huo unaweza kuwa na barafu nyembamba isiyoonekana kwa taa. Mwongozaji akisema mrudi, mrudi. Anachokiangalia ni hapa mtakaporudia njia mkiwa mmechoka, si pale mnapopita sasa mkiwa na nguvu.

Baada ya ukingo unakuja mwinuko wa majivu hadi Cobra Point, mita 4,350. Kwa kila hatua mbili unarudishwa nusu. Tafuta mahali palipokanyagwa na wengi, palipo na mawe madogo yaliyoshikana, na weka mwendo usiobadilika: hatua, pumzi, hatua, pumzi. Wanaokwenda mbio kisha kusimama dakika tano huchoka zaidi na kupoa zaidi. Kutoka Cobra Point hadi kileleni ni kama saa moja, na ndiyo saa ndefu kuliko zote, kwa kuwa kilele kinaonekana na hakisogei. Mita 200 za mwisho ni mawe makubwa yenye alama za rangi. Fuata alama hizo, usijikatie njia. Kibao cha kileleni, paitwapo Kilele cha Ujamaa, kimeandikwa mita 4,562.13. Ramani za zamani zinasema 4,566, na zote mbili utazisikia kwa waongozaji.

Jumla kutoka Saddle ni saa nne hadi sita. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Ukiwa bado uko kati ya Rhino Point na Cobra Point wakati huo, usihuzunike: mahali pazuri kabisa pa kuona Kilimanjaro ikitokea, koni ya majivu ikiwaka rangi chini yako na ukuta wa kreta ukipata mwanga, ni hapo ukingoni. Kileleni kwenyewe baridi ni kali mno na upepo hauruhusu mtu kukaa. Dakika kumi na tano zinatosha. Baada ya saa tatu au nne asubuhi mawingu huanza kuingia kreta kutoka chini, na aliyechelewa huona ukungu tu.

Kushuka ndiko ajali zinakotokea. Mchana unaona kile ambacho giza lilikuficha, na miguu tayari imekwisha. Kula na kunywa Cobra Point kabla ya kuendelea, hata kama hamu haipo. Kaza kamba za buti kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele, na kata kucha za miguu siku moja kabla ya safari, si asubuhi ya kuondoka. Kwenye majivu unaweza kushuka kwa kisigino kwa raha. Kwenye ukingo rudi kwenye hatua fupi, mtu mmoja mmoja, kila mmoja akimpa nafasi aliye mbele ili jiwe lililong'oka lisimpate.

Na hapa ndipo hesabu ya siku tatu na nne inapojieleza. Mlima huu umegawanyika kwa mafungu matatu yanayokaribiana: Momella hadi Miriakamba kama mita 1,000, Miriakamba hadi Saddle mita 1,056, Saddle hadi kileleni mita 992. Kwa ratiba ya siku nne, siku ya kilele unapanda mita 992 na kushuka mita 2,048 hadi Miriakamba. Hiyo peke yake ni siku nzito kwa mtu yeyote. Kwa ratiba ya siku tatu, siku hiyo hiyo unashuka hadi Momella: zaidi ya mita 3,000 kwa mara moja, ukiwa umeamka saa sita usiku, sehemu kubwa ikiwa juu ya zile ngazi zilizochimbika. Magoti yanavimba, watu wanateleza kwenye tope la msituni mchana wakiwa hawana tena umakini, na uwanda wa nyati unavukwa jioni na kundi lililotawanyika. Ada ya siku ya nne ni pesa kweli, hatuidharau. Bado ndiyo pesa inayotumika vizuri kuliko zote katika safari hii. Ukiwa lazima ubane, bana kwenye usafiri wa kuja na hoteli ya mjini.

Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu. Maumivu madogo ya kichwa Saddle ni ya kawaida na huisha kwa maji, chakula na dawa ya maumivu. Yasipoisha, au mtu akianza kuyumba, kukohoa povu, kuhema akiwa amekaa au kuongea maneno yasiyoeleweka, anashushwa wakati huo huo, iwe usiku au mchana, hasubiri kupambazuke. Wengine hutumia asetazolamide, maarufu kwa jina la Diamox, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Zungumza na daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, na ujue itakukojoza mara kwa mara, kwa hiyo ongeza maji.

Vifaa havihitaji kuwa vya bei ghali. Buti zilizokwisha kuvaliwa zenye soli yenye meno, geita za kuzuia majivu yasiingie kiatuni, fimbo mbili, koti la mvua na upepo, sweta nene au koti la manyoya, nguo za ndani za joto, glavu mbili, kofia ya sufu, na begi la kulalia linalofaa baridi ya sifuri au chini yake. Taa ya kichwa iwe na betri mpya, na za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi hudhoofisha betri. Simu nayo ikae humo. Usiku wa kilele beba lita mbili hadi tatu za maji. Chupa geuza mdomo chini, maana barafu huanza juu na mpira wa kunyonyea huganda mapema kuliko chupa. Vitu vingi vya kukodi vinapatikana Arusha na Moshi. Vijaribu kabla ya kulipa: zipu ya begi la kulalia, soli ya buti kama haijaanza kuachia, kufuli za fimbo kama zinashika.

Mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, vyake vikiwa ndani yake. Upimwe langoni mbele yako. Bakshishi ikabidhiwe kila mtu mkononi, mbele ya wote, siku ya mwisho Momella, ili kila mmoja ajue kilichotolewa. Wagumu hawa hupanda ngazi zile zile zilizokutoa jasho, wakiwa na magunia kichwani, na wanafika kabla yako kukuwekea maji ya moto.

Misimu mizuri ni Juni hadi Oktoba, na tena Desemba mwishoni hadi Februari. Masika, Machi hadi Mei, njia ya msituni hugeuka tope na ukingo unajaa ukungu. Vibanda vinakuwa vitupu na bei hupungua, lakini mwamba wenye mnyororo si mahali pa kuwa ukiwa umelowa. Juni na Julai usiku ni baridi zaidi, asubuhi ni safi zaidi.

Asiyetaka kilele bado ana sababu ya kuja. Matembezi ya nusu siku na askari kutoka Momella hadi maporomoko ya Tululusia yanapita uwanda wa nyati na twiga, na kwa familia yenye watoto wakubwa yanatosha kabisa. Ngurdoto, kreta ya upana wa kilomita tatu hivi, hutazamwa kutoka ukingoni tu. Kushuka ndani hakuruhusiwi, na ni vizuri iendelee hivyo. Kwa wa Nairobi wanaotaka kujipima kabla ya kuvuka Namanga, Longonot inafaa: kilele cha mita 2,776 na mzunguko wa ukingo wa kama kilomita saba, vumbi la volkano la aina ile ile, kwa siku moja. Aliyeumaliza mzunguko huo bila magoti kulalamika ana miguu ya Meru. Mapafu ya mwinuko atayapata hapa.

Na anayepanga kuunganisha Meru na Kilimanjaro, apange Meru kwanza na aache siku mbili za kupumzika katikati, akilala chini na kula vizuri. Uzoefu wa mwinuko uliopatikana Saddle na kileleni haupotei kwa siku hizo mbili, ilhali miguu inazihitaji zote. Zikizidi wiki moja au mbili, faida hiyo huanza kuyeyuka, na itabidi mwili uanze upya.